Chumba Alichonipa Mtani

Tuliporudi kutoka makaburini tulimkuta Mwamvua amelala kwenye kitanda cha marehemu. Alikuwa amevaa koti la ndugu yangu Anselmi, tuliyetoka kumzika, lile la rangi ya majivu alilolishona mwenyewe viwikoni, na kofia yake ameifunika usoni. Watu waliotangulia kuingia walishtuka, halafu wakakumbuka kuwa huyu ni mtani, Mnyamwezi wa mjini Morogoro, na kwamba watani wakija msibani hufanya wapendavyo. Akainua kofia kidogo. "Chakula kiko wapi? Nyinyi Waluguru hata maiti mnamnyima ugali?" Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi bado yanawatoka. Mwamvua akaketi kitandani, akajifunga koti vizuri. "Mimi sikuja kulia. Nimemfuata mpangaji wetu. Mama yangu alimwekea chumba huyu, mwaka mzima, mpangaji hakutokea. Leo nimepanda milima yenu mpaka magoti yameniuma, nafika naambiwa kahamia pengine, tena pasipo kodi!" Nyumba nzima ikacheka. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vyombo. Nililiweka chini polepole, nikatoka nje nikaenda kusimama nyuma ya jiko, kwa sababu mwaka ule aliousema niliukumbuka siku kwa siku.

Ulikuwa wakati wa Wajerumani. Reli ilikuwa imekwisha kufika Morogoro na inaendelea kwenda bara, na mji uliokuwa mdogo ulikuwa umejaa watu ghafla. Sisi tuliishi juu, mwendo wa kupanda kutoka Mkuyuni, mimi na Anselmi na mdogo wetu Tekla. Wazazi hawakuwapo tena, na mimi nilikuwa mkubwa. Shule ya misheni niliiacha ningali naunganisha herufi, nikashika jembe. Yaliyobaki alinifundisha Anselmi jioni baada ya chakula, kwa kipande cha mkaa, juu ya mlango wetu wa ubao. Tulikuwa tukiandika, tukifuta kwa kitambaa kibichi, tukiandika tena, mpaka mlango ukawa mweusi kuanzia kiunoni kwenda juu. Haya ninayoyaandika leo nayaandika kwa herufi alizonipa yeye. Kwa hiyo mwalimu wa misheni alipotuita na kusema kwamba Anselmi amemaliza pale na kwamba amempatia nafasi kwenye shule ya serikali mjini, katika darasa la wanaojifunza ukarani, nilijua kazi yangu ya mwaka ule ni nini. Mwalimu alisema wazi. Bweni lilikuwa limejaa wana wa majumbe na maakida. Anayetoka mbali ajitafutie mahali pa kulala, na siku ya kufungua aje na jina la mwenye nyumba, liandikwe. Asiye na nyumba asije, nafasi atapewa mwingine.

Mjomba wetu, ambaye kwa desturi yetu ndiye mkubwa wa mambo yote ya watoto wa dada yake, alisema atashuka kutafuta akimaliza kuvuna. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, kaa. Nitakwenda mimi." Akanitazama, akasema, "Mwanamke peke yako, mji wenyewe ule?" Nikasema, "Nyumba inatazamwa kwa macho, mjomba, na macho ninayo." Nilijivunia jibu lile njia nzima. Sasa nalikumbuka kwa namna nyingine, maana kama angeshuka yeye, mtu mzima aliyezoea watani tangu zamani, mambo yangekuwa mengine. Lakini nilikuwa nimezoea kubeba kila kitu mwenyewe, na mtu aliyezoea hivyo huanza kudhani kwamba kumwuliza mwenzake ni kushindwa.

Nilishuka na kapu la kunde kichwani, kunde nzuri za kuchagua, nilizokusudia kutanguliza kama kodi. Nililala kwa mwanamke wa kwetu aliyeolewa Bigwa, asubuhi nikaingia mjini. Sijapata kuona vyumba vingi namna ile kwa siku moja. Nyumba ya kwanza ilikuwa na ukumbi mrefu na milango sita, na katika kila chumba walikuwa wamelala wanaume wa reli wanne au watano, kwa zamu, wengine wanatoka kazini wengine wanaingia, na mikeka haikupata nafasi ya kupoa. Mwenye nyumba akanionyesha pembe moja karibu na mlango wa uani. "Hapa panamtosha, kama halali kwa kujinyoosha." Nyumba ya pili, upande wa Kichangani, ilikuwa na chumba kitupu, nikafurahi, mpaka nilipogusa ukuta nikaona mkono umelowa. Ya tatu mama mmoja alinitajia kodi, nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwambia kwa bei hiyo kwetu mtu hupewa shamba. Akajibu kwa upole kabisa, "Basi mwanangu, asome shambani." Nilisikia wanawake kisimani wakisema kwamba tangu gari la moshi lije hata mabanda ya kuku yanapangishwa. Mmoja akasema, "Mume wangu akisafiri na mimi nitapangisha upande wake wa kitanda." Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini miguu ilikuwa inaniuma na kapu bado liko kichwani.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Bi Kalunde. Nyumba yake ilikuwa nyuma tu ya uwanja wa shule, ya udongo, imepakwa chokaa mbele. Alikuwa mwanamke mrefu, wa makamo, amekaa uani anakoroga unga wa vitumbua anavyowauzia watu wa reli, na binti yake mdogo, wa miaka sita au saba, anachochea moto. Nilipiga hodi.

"Hodi gani na mguu umeshaingia? Mtu wa wapi wewe?"

"Natoka juu, Uluguru. Shikamoo, mama."

Akaweka upawa chini. "Mluguru! Mtani wangu! Weka shikamoo yako mfukoni, mimi mtani natazamwa mikono, sisalimiwi. Umeshukaje huko? Nimesikia kwenu mtu akitaka kulima hufungwa kamba kwenye mgomba, asije akaangukia shamba la jirani."

Utani wetu na Wanyamwezi ni wa zamani, wa tangu misafara ilipopita chini ya milima yetu ikienda pwani, na mtoto hufundishwa majibu kama anavyofundishwa kuosha vyombo. Nikasema, "Na kwenu nimesikia mtoto akizaliwa hupimwa kichwa kwanza, kama kitafaa kuwekewa mzigo."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kweli! Mimi nilitoka Tabora kwa miguu, nyuma ya mume wangu na pembe lake la ndovu, na kichwa changu mpaka leo ni bapa, shika uone!" Akanishika mkono, akauweka juu ya kichwa chake. Halafu akauliza nataka nini, nikamwambia: chumba, cha ndugu yangu, anakuja kusoma hapo ng'ambo ya ukuta.

"Ninacho. Njoo."

Chumba kile nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyopata kulala. Kilikuwa cha mwisho upande wa kulia wa ukumbi, kimefagiliwa, kina kitanda cha kamba na dirisha dogo la mbao. Alilisukuma dirisha kwa kiganja. Nikauona uwanja wa shule, na mti uliotundikwa kipande cha reli, na mtu mmoja akatoka akakigonga kwa nyundo wakati ule ule, sauti ikajaa chumbani kama tumo ndani ya kengele. Nilimwona Anselmi ameketi pale na kitabu magotini. Nilimwona wazi, nikaogopa kuuliza.

"Kodi yake ni kiasi gani?"

"Bure."

"Bure?"

"Kodi yake ni moja. Siku nikifa, ushuke kwenye ngazi zenu hizo, uje unizike. Ulie kidogo, unicheke sana." Akanyoosha mikono, akalishusha kapu kichwani pangu kama lake, akatumbukiza mkono ndani, akazitazama kunde. "Na hizi ni za kuanzia." Akarudi nazo uani, akazimimina zote katika chungu chake, akanirudishia kapu tupu. "Mlete mwezi ukiandama. Asipokuja nitampangisha mbuzi. Mbuzi anashika masomo haraka kuliko Mluguru."

Binti yake aliangua kicheko. Nami nilicheka, nikatoka.

Njiani kicheko kiliniisha. Kunde nilizozichambua kwa siku mbili zimekwenda, na mtani akichukua chako huwezi kukidai, wala huwezi kukasirika. Ukikasirika umeaibisha ukoo wako. Tena kumwuliza mtani "unasema kweli?" kwetu ni aibu nyingine. Mtu huulizwa hivyo akiwa na akili ya kawaida, na mtani mbele ya mtani wake hana akili ya kawaida. Niliwaza mwezi umeandama, Anselmi amesimama pale mlangoni na mkeka wake begani, Bi Kalunde anawaita majirani, "Njooni muone Waluguru, niliwatania nao wamekuja!" Na kesho yake ndiyo siku ya kuandikwa jina la mwenye nyumba. Mimi ningeweza kuchekwa. Yeye sikutaka achekwe siku yake ya kwanza mjini. Hivyo ndivyo nilivyojieleza wakati ule. Leo nadhani nilikuwa najilinda mwenyewe.

Kesho yake nilivuka mto Ngerengere nikaenda Mazimbu, kwa mzee mmoja aliyeitwa Salehe. Alikuwa na kibanda kando ya zizi la mbuzi. Aliniambia kodi yake, gunia dogo la mahindi kila mwezi, akanionyesha paa linapovuja na linapokauka, akasema mtoto atakula na watoto wake. Hakucheka hata mara moja, na kwa sababu hiyo nikamwamini. Na kusema haki, kila alichosema alikitimiza. Kulikuwa na jambo moja ambalo mimi sikumwuliza na yeye hakuona haja ya kulitaja, kwa kuwa kila mtu wa pale alilijua: masika mto ule hauvukiki.

Nyumbani Anselmi alinipikia magimbi, akataka kujua kila kitu. Nilimweleza nyumba zote, nikaigiza yule mama wa "asome shambani", Tekla akagaagaa chini kwa kucheka. Nikamweleza na Bi Kalunde. Anselmi akaacha kula.

"Dirisha lake linatazama shule?"

"Linatazama."

"Na amesema niende?"

"Ule ni utani tu."

"Ulimwuliza, dada?"

"Mtani haulizwi. Kula."

Akala. Hakusema neno tena juu ya chumba kile, wala siku ile wala siku nyingine yoyote ya maisha yake, na mimi kunyamaza kwake nilikuchukua kama kukubali.

Alianza vizuri. Kila mwezi niliposhuka na mahindi ya Mzee Salehe nilipitia shuleni, naye alikuwa akinionyesha mwandiko wake, mistari iliyonyooka kama matuta ya mtu anayelima tambarare. Mwalimu wao alikuwa mkali wa saa. Kipande cha reli kikinyamaza, mlango ulifungwa, na aliyekuwa nje alihesabiwa hayupo. Anselmi aliamka gizani akatembea. Kiangazi alikuwa wa kwanza kufika. Mvua za masika zilipoanza, mara mbili alirudi kutoka kando ya mto, mara ya tatu alivuka maji yakiwa kifuani, daftari amelifunga kichwani kwa kitambaa, akafika mlango umefungwa. Alikaa ukutani ametota mpaka adhuhuri.

Katika mwezi ule ule nilipata nafasi yangu ya pili, nami sikuijua. Nilikuwa sokoni nanunua chumvi, nikasikia mtu ananiita kutoka kwenye vitumbua, kwa sauti ya kuwatoa watu dukani. "Wewe! Mluguru mwongo! Mnamwona huyu? Kanipa kodi kisha kamficha mpangaji! Chumba changu kinaliwa na mchwa, kunde zenyewe zilishatoka tumboni zamani!" Watu wakageuka wakicheka, wakijua ni watani. Nami, ili nisishindwe, nikajibu, "Mpangishe yule mbuzi, maana wewe naye mwafanana ndevu!" Soko likalipuka. Bi Kalunde akapiga makofi, akacheka pia, lakini nakumbuka alisimama akinitazama baada ya wengine kuacha, upawa mkononi, kama mtu anayengoja neno lingine. Mimi nilikwisha kumpa kisogo. Nilikuwa nimefurahi kwamba nimeshinda.

Jina la Anselmi lilifutwa kabla mvua hazijakatika. Alirudi juu na mkeka wake begani na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Nilimkuta ameketi mbele ya mlango wetu, ule mweusi, anausugua kwa kitambaa kibichi. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema, "Nausafisha, dada. Tekla naye aanze." Alilima. Vita vilipokuja alichukuliwa kubeba mizigo ya askari, akarudi amekonda lakini amerudi. Aliwasomea watu barua zao, akawaandikia majibu, na hakumtoza mtu. Kuna walioanza naye darasa lile waliokuja kuwa makarani bomani, wakapita kwetu na baiskeli, nao walimwita "Anselmi bwana" wakanywa togwa yake. Nilikuwa nikiingia ndani walipokuja.

Siku ile ya msiba, basi, nilisimama nyuma ya jiko mpaka Mwamvua akaja kutafuta maji ya kunywa. Alikuwa bado amevaa lile koti. Yeye ndiye yule binti aliyekuwa anachochea moto, sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza mama yake.

"Mwamvua, yale ya chumba ni utani, au ni kweli?"

Akataka kucheka, akaniona usoni, akaacha. Akavua kofia. "Kweli, bibi. Mama alikula kunde zako. Angekula kodi kisha aweke mtu mwingine? Watu wa reli walikuja na fedha mkononi, akawafukuza. Alikuwa anakifagia kila Ijumaa. Mimi nilikuwa nalala ukumbini chini, kwenye mkeka, na baridi ile ya kutoka milimani kwenu, nalia nataka kitanda kile. Ananiambia, 'Acha, cha mtani hicho, yuko njiani.'"

"Mwaka mzima?"

"Mpaka mvua za mwaka wa pili. Alidhani labda mtoto amekufa, nanyi mmeona haya kusema. Jina lake nililijua baadaye, kwa watu wa Bigwa."

Nikamwuliza Bi Kalunde alizikwa lini. Akaniambia, ni miaka mingi. Akasema Waluguru walikuja, wale wa Bigwa, wakafanya utani wao vizuri. Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa nimeahidi kwa kucheka, naye akafa akihesabu kuwa nimeahidi.

Arobaini ilipopita nilichambua kunde, nikajaza kapu, nikashuka. Siku hizi kuna motokaa kutoka Mkuyuni, lakini kapu nililishika mapajani njia nzima. Kwanza Mwamvua alinipeleka kaburini kwa mama yake. Nililia kidogo. Nilijaribu kucheka sana, kama alivyotaka. Nikamwambia kichwa chake kile bapa kimewapa kazi wachimba kaburi, na Mwamvua akanisaidia kucheka, maana sauti yangu haikutosha. Tulipofika nyumbani akalitwaa kapu kichwani pangu bila kuuliza, akazimimina kunde chunguni. "Hii ndiyo kodi," akasema. "Chumba kiko wazi, mtani. Utalala?"

Nikamwambia nitalala.

Kitanda ni kingine, dirisha ni lile lile. Kulipokucha mtu alitoka uwanjani akaanza kugonga chuma. Shule bado ipo, chini ya Waingereza sasa, na chuma ni cha reli kama zamani. Nilijifunga kanga, nikatoka ukumbini, nikazunguka ukuta, natembea kama mwanamke mzee anavyotembea, na fimbo. Watoto walinipita wakikimbia, "Shikamoo bibi, shikamoo bibi." Nilifika mlangoni mwa darasa, nikaweka mkono kwenye mwimo. Chuma kilikuwa bado kinalia.